Nilimsamehe mahakamani, nikashindwa karakanani

Mshauri mpendwa,

Mwanangu wa kwanza aliuawa Jumapili moja ya mwezi wa tatu, miaka mitano iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na aliyemuua, leo ni mfanyakazi wangu. Naomba msaada wako, ila nakuomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujanihurumia, kwa sababu tabia yako naijua, mtu akitaja msiba tu wewe unaanza na pole, na mimi pole sizitaki tena, nimezipokea za kutosha, na nyingine nilizipokea kwa wizi, kama utakavyoona.

Mimi ni seremala. Shule niliishia darasa la sita, nikaanza kazi na randa ya kuazima na msumeno wa mkono chini ya kibanda cha mabati, leo nina karakana yenye mashine nne na mafundi kumi na mmoja, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunifikisha hapo. Nakwambia haya ujue unaongea na mtu wa vipimo. Ubao ukipungua robo inchi, jicho langu linaona kabla futi haijatoka mfukoni. Marehemu alikuwa akinitania, "Baba, wewe siku ukifa utaamka umwambie mchimba kaburi amekosea upana." Tulikuwa tukicheka. Aliyezikwa ni yeye, na kaburi lake nilikwenda kulipima kweli, siku moja kabla, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Aliyemuua tunamwita Kijiti, kwa wembamba wake. Si mtu wa mbali. Ni mtoto wa jirani yetu, mama mmoja muuza mitumba aliyemlea peke yake, amekula mezani kwangu tangu ana meno ya utoto, na useremala nimemfundisha mimi, yeye na mwanangu, benchi moja. Jumapili ile walikwenda ukumbini kutazama mpira, timu ya Kijiti ikafungwa, mwanangu akamcheka, na mwanangu alikuwa na kicheko cha kuudhi, sitamsingizia mtu mwingine, kicheko kile alikirithi kwangu, basi wakatukanana, Kijiti akainua stuli akampiga nayo kichwani. Mara moja tu. Ile stuli ni ya mti mgumu na uzito wake naujua, kwa sababu stuli zote za ukumbi ule tulizitengeneza sisi, na mwanangu ndiye aliyezipaka vanishi.

Kesi ilichukua miezi tisa. Siku ya hukumu jaji akauliza kama familia ya marehemu ina neno. Mke wangu alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake. Mahakama imejaa, majirani wote wamekuja, waandishi wapo, mama yake Kijiti amepiga magoti pale mlangoni mpaka askari akamwinua, na mimi, mshauri, sijui nini kiliniinua, nadhani ni kule kutazamwa, nikasimama nikasema, "Sisi wazazi tumemsamehe kabisa, na mlango wetu uko wazi kwake." Hilo "kabisa" hakuna aliyeniomba. Nililiongeza mwenyewe, kama muuza sukari anayeongeza kijiko kwenye mizani ili wateja walioko nyuma waone. Watu wakalia. Jaji akampa miaka mitano, na mwanasheria wetu akatuambia bila maneno yangu ingefika kumi na miwili. Nilipiga hesabu nikiwa bado nimesimama: neno langu moja limempa miaka saba mtu aliyeniulia mtoto, na kifuani nikasikia kama nimeibiwa, na mwizi ni mimi.

Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Umesema sisi tumemsamehe. Sisi akina nani?"

Nikamwambia, "Mimi na wewe, mama."

Akasema, "Mimi hukuniuliza," akaingia ndani akavua kitenge cha msiba akakikunja. Hatukulizungumza tena.

Toka hapo nikawa mtu maarufu wa msamaha. Nyumba za ibada zikaniita, shule zikaniita, redio ikaniita mara mbili, na sitakudanganya, hata oda ziliongezeka. Kuna mama mmoja aliagiza kabati la milango mitatu akasema analitaka litoke kwenye mikono iliyosamehe. Nilimtengenezea. Nilimtoza bei ya kawaida nikajiona mwema.

Kijiti alipunguziwa theluthi kwa tabia njema, akatoka mwaka jana, na akaja moja kwa moja getini kwangu na mama yake, mchana kweupe, majirani wamejaa vibarazani kama wanangoja harusi ipite. Akasema, "Mzee, ulisema mlango uko wazi. Nimekuja kuomba kazi." Ningesema nini mbele ya macho yote yale? Nikamshika bega. Mke wangu akatoka ndani, mikono ina povu la sabuni, akamtazama akamwambia, "Kazi utapewa. Maji ya kunywa utapewa. Chumba cha mwanangu hutaingia, na mimi usiniite mama." Kijiti akajibu, "Sawa, mama," kisha akajishika mdomo. Nilimwonea aibu mke wangu siku ile. Niliwaambia majirani wamsamehe bure, bado ana uchungu. Nilimwona kama mwanafunzi aliyerudia darasa, na mimi nilishamaliza shule.

Karakanani Kijiti akawa fundi mzuri kuliko wote, na hilo ndilo lililonimaliza, maana angekuwa mvivu ningemfukuza kwa uvivu na dunia ikanielewa. Anawahi, anafagia benchi lake, hasengenyi mtu. Akiranda anapiga mluzi, na mluzi ule zamani ulikuwa wa watu wawili, mmoja anaanza mwenzake anajibu, sasa anapiga wake kisha ananyamaza kidogo, pale pa mwenzake, halafu anaendelea. Nilikuwa nasimama ofisini nangoja ule ukimya.

Sasa nakufikisha kwenye aibu yangu yenyewe. Mashine ya kupasulia mbao ina kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno, kazi yake ni kuutanua ubao uliokwisha kupasuliwa usiyabane meno. Kisipokuwepo, ubao ukibana, mashine inaurusha kinyumenyume kwa nguvu ya kumvunja mtu. Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, nilikiondoa mimi mwenyewe asubuhi kwa kuwa kilikuwa kimepinda, nikakipeleka kwa mchomeleaji. Kwetu ukiondoa kinga ya mashine yoyote unafunga kitambaa chekundu kwenye swichi yake. Sheria hiyo niliiweka mimi, haikuandikwa popote, na hakuna fundi wangu aliyekuwa akiinama kukagua chuma, anatazama swichi tu. Kitambaa kipo, haigusi mtu. Hakipo, washa. Nikakifunga. Ikafika saa ya chakula, mafundi wakatoka, nikamsikia Kijiti yuko peke yake nyuma ya rundo la mbao anacheka kwenye simu. Kucheka tu, mshauri, kama kijana yeyote aliye hai. Nikaenda kwenye swichi, nikafungua kile kitambaa, nikakitia mfukoni, nikamwita, "Kijiti, nipasulie zile mbao mbili za meza, mteja ana haraka." Akasema, "Sawa, mzee." Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikawasha feni mpaka mwisho ili nisisikie.

Nilisikia.

Ubao ulimpiga mkono wa kushoto, ukavunja mifupa miwili, ukaenda ukatoboa bati la ukuta. Ungepita inchi tano juu zaidi ulikuwa unaingia kifuani. Nilipima baadaye, nilipobaki peke yangu. Nilimkimbiza hospitali kwa gari langu, na njiani, mkono ameukumbatia na jasho linamtiririka, akaniambia, "Mzee, nisamehe, nimekuharibia mbao za mteja." Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena sawasawa. Mkono wa kushoto ndio unaoshika patasi.

Fundi wangu mkongwe aliniuliza, "Bosi, kitambaa si kilikuwepo asubuhi?" Nikamwambia labda kilidondoka. Akatazama sakafu, sakafu imefagiwa, akasema, "Labda." Tangu siku ile mafundi wote kabla ya kuwasha mashine wanainama wanakagua chuma wenyewe, na hakuna aliyewaagiza.

Na anayempelekea Kijiti chakula hospitali ni mke wangu. Juzi alirudi, akakaa, akavua viatu, akaniambia, "Leo kaniita mama, nami nimeitika. Nilidhani nitajisikia vibaya. Sikujisikia vibaya." Kisha akaenda kufua, na nikamsikia anaimba. Miaka mitano sijamsikia mke wangu akiimba, na wimbo huo ameupata kwa mkono niliouvunja mimi.

Jumamosi hii saa nne asubuhi nimealikwa kuzungumza na wazazi ambao watoto wao waliuawa. Picha yangu imebandikwa mpaka kwenye duka la dawa. Kijiti ataletwa na mkono wake ulivyofungwa akae kiti cha mbele, hilo ni wazo la mama yake, anataka kunishukuru hadharani.

Basi nijibu, mshauri, bila kuzunguka. Mzazi anaweza kweli kumsamehe kwa moyo aliyemuua mwanawe, au sote tunaigiza na tofauti yetu ni nani anaigiza vizuri zaidi? Kama inawezekana, mbona mke wangu aliyekataa ameweza na mimi niliyetangaza nimeshindwa? Na nikisema ukweli namvunja huyu mwanamke aliyeanza kuimba juzi tu, nikinyamaza nitasimama Jumamosi mbele ya wafiwa wenzangu na kuwauzia fanicha iliyooza ndani. Wewe wiki mbili zilizopita ulimwambia mama mmoja "samehe usonge mbele," maneno matatu, nilitaka kulichana gazeti. Mimi usinipe matatu. Gazeti lako linafika dukani kwetu Alhamisi saa mbili asubuhi na nitakuwa nimesimama pale mlangoni. Nataka ndiyo au hapana, Alhamisi hii, saa mbili. Likifika halina jibu langu, nitapanda jukwaani niseme kama kawaida yangu, na dhambi hiyo tutagawana.

Ni mimi,
Baba wa marehemu

*

Mshauri anajibu:

Baba wa marehemu,

Pole hutaki, sikupi. Iko hospitali, kwa mtu anayeihitaji zaidi. Na hiyo hesabu yako ya kugawana dhambi ifute. Kitambaa ulikifungua peke yako, na mimi sikuwepo.

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Mzazi anaweza. Nimesoma barua za wazazi kwa miaka mingi na nimewaona walioweza, na sikumbuki hata mmoja aliyetumia neno "kabisa". Wanasema hili naliweza, hili bado. Mama mmoja aliniandikia kwamba amemsamehe dereva aliyemgonga binti yake siku zote za wiki isipokuwa Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku binti alikuwa akija kumsuka. Sikumcheka. Nilimwambia ashike hizo sita, na Ijumaa aiache kama ilivyo mpaka atakapoiona mwenyewe imelegea. Kuhusu yule wa wiki mbili zilizopita, umenishika pabaya. Nilikuwa mvivu siku ile na nitamwandikia tena.

Mkeo hakukataa kusamehe, bwana. Alikataa kusemewa. Pale getini alipomwambia kijana "usiniite mama" alikuwa anapima, na wewe mtu wa robo inchi hukuona. Alijua nguvu zake zinaishia wapi, akasema zinaishia hapa, mbele ya watu wote, bila kujali wanamwonaje. Ndiyo maana juzi ameweza kusogea hatua moja. Wewe ulitangaza umeshafika, sasa ungesogea kwenda wapi? Chuki yako uliinyima hata kiti cha kukalia, kila mgeni akija unasema hayupo, hatimaye ikatoka yenyewe saa ya chakula.

Kumchukia hakukuwa kosa. Nalisema wazi kwa sababu najua wapo wazazi wengine watakaosoma hapa na kujipiga vifua. Aliyekuulia mwanao huna deni la kumpenda. Ungemwambia siku ile ile, "Kijana, nilisema maneno makubwa kuliko mimi, katafute kazi kwa mwingine," majirani wangekusema wiki mbili, wakachoka, wakahamia kwa mwingine, na mkono wake leo ungekuwa mzima. Uliikimbia aibu ya wiki mbili.

Lakini angalia ulivyoniandikia. Kurasa zote hizi unaniuliza kama wewe unaweza kusamehe, na hiyo siyo kazi ya wiki hii. Wiki hii mwenye uamuzi wa kusamehe au kutosamehe ni Kijiti, na hajui hata kama ana uamuzi, kwa sababu anadhani kosa ni lake. Umemwacha mtu akuombe radhi kwa mkono uliouvunja wewe. Nilipofika pale kwenye mbao za mteja niliiweka barua yako chini nikatoka nje, na kwa kawaida mimi barua siziachi katikati.

Na usinitajie wimbo wa mkeo. Mahakamani ulimsemea bila kumuuliza, sasa unataka kumnyamazia bila kumuuliza, kisha unaita huko kumlinda. Alimhurumia kijana akidhani ni bahati mbaya. Huenda akijua ukweli atamhurumia zaidi. Huenda ni wewe ambaye atakosa sababu ya kukuhurumia. Hilo ndilo unaloogopa, basi liogope, lakini liite kwa jina lake.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma hapa, usiende karakanani. Rudi nyumbani, zimeni simu, mwambie mkeo yote ulivyonieleza mimi, na feni pia, feni usiifiche. Akilia, akikutukana, akifunga nguo zake kwenda kwa dada yake, usimfuate na maelezo nyuma. Baada ya hapo wapigie waliokualika Jumamosi uwaambie hufai kuzungumza juu ya mada hiyo. Sentensi moja inatosha. Usiipambe kwa unyenyekevu ambao nao watausifu.

Kesho Ijumaa nenda hospitali saa ambayo mama yake yupo. Alimwona mwanawe akienda jela, na kidogo tu angemwona akienda kaburini kwa mkono wako, kwa hiyo yeye naye anadaiwa kusikia. Usiende na mwanasheria wala bahasha wala mzee wa kukusindikiza. Matibabu na mshahara wake utalipa mpaka mwisho hata akikufukuza kwa matusi, ila hilo ulifanye kimya na ulitaje siku nyingine, lisije likasikika kama bei. Wakitaka kwenda polisi ni haki yao, na ole wako utume mtu kuwabembeleza. Ukiitwa, nenda na useme ulichofanya. Jela inaweza kuwepo mbele yako, nisikufiche. Mafundi wako nao waambie kwa mdomo wako, ijapokuwa sidhani kama utamshangaza yule mkongwe.

Ukiwa pale kitandani, usimwombe msamaha. Najua neno hilo litakuwa limeshafika kwenye meno, lizuie. Mtu mwenye mifupa miwili iliyovunjika usimpe kazi ya kukuliwaza siku hiyo hiyo. Mweleze ulichofanya, tangu kitambaa hadi mlango uliofunga, halafu nyamaza, na asipojibu kitu ondoka. Lakini nadhani atakuuliza kwa nini. Hapo ulimi wako utataka kumtaja mwanao, na chumba kizima kitakuelewa, hata yeye mwenyewe atakuelewa. Usimtaje. Mwanao hakuwepo karakanani siku ile. Jitaje wewe.